Usaili Wangu Ulivyoanzia Kwenye Kipaza Sauti cha Wifi

Leo nimejiaibisha mbele ya soko zima la Gisenyi, tena kwa sauti yangu mwenyewe.

Nianzie jana jioni. Hoteli ninayofanyia kazi, kule ufukweni, imepata mmiliki mpya: mama wa Kinyarwanda aliyekulia Kampala, anayetaka mambo yote yazungumzwe kwa Kiingereza. Nafasi ya mkuu wa mapokezi iko wazi. Mimi nimekuwa msaidizi kwa miaka kumi na mmoja, na nimewafundisha kazi wakuu watatu walioletwa wakawekwa juu yangu. Usaili ulipangwa leo, saa nne asubuhi.

Tatizo langu ni vihusishi vya Kiingereza. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa huvitia popote, kama chumvi. Naweza kueleza kazi yangu kwa ufasaha, kisha nikasema "responsible of", na heshima yote ikaporomoka.

Basi nikabuni mbinu. Wifi yangu Espérance, anayeuza vitenge sokoni, huacha kipaza sauti chake kwetu kichajiwe. Ni kile cha kurekodi: unasema mara moja, chenyewe kinarudia mpaka betri iishe. Nikajirekodi, nikapunguza sauti, nikawa najisikiliza huku namenya viazi. "I work at a hotel. I am responsible for the guests." Mwalimu mmoja wa redioni aliwahi kusema kwamba mifano ya kweli ndiyo hukaa kichwani. (Nilimtii kupita kiasi.) Nikaongeza: "My manager is afraid of the owner." Yaani, meneja wangu anamwogopa mwenye hoteli. Nikacheka peke yangu.

Asubuhi, nikiwa naoga, wifi akachukua chombo chake akaenda zake. Sikuwa nimefuta kitu.

Saa mbili na nusu nikapita sokoni, nimevaa kitenge kilichopigwa pasi mara mbili. Nikasikia mwanamke akihubiri Kiingereza kwa kishindo. Nikajisemea: huyu anajitahidi! (Naam, nilijisifu kabla sijajitambua.) Kisha yule mwanamke akafoka kwa Kiswahili: "Si of, Daforoza, ni for! Mjinga wewe!"

Daforoza ni mimi.

Nikakimbilia meza ya wifi. Mama mmoja muuza karoti alikuwa akiitikia "For!" kila ilipofika zamu yake, kama yuko kwaya.

"Wifi, zima hicho kitu!"

"We, acha!" Espérance akanijibu kwa furaha. "Batu banajaa hapa tangu asubui! Mi nilizani umenifanyia publicité ya Kingereza. Donc nikaongeza sauti!"

Nikanyoosha mkono nikizime. Hapo ndipo nilipomwona mteja aliyeinama kwenye vitenge vya mapazia. Mwenye hoteli. Nyuma yake, amebeba mfuko, meneja wangu. Na kipaza sauti, bila haya wala huruma, kikatamka: "My manager is afraid of the owner."

Nikakizima, lakini nilikuwa nimechelewa. Meneja akaanza kuchunguza viatu vyake.

Mwenye hoteli akanigeukia. Akaniuliza kwa Kiingereza: je, na wewe unaniogopa?

Miaka kumi na mmoja ikanipita kichwani. Nikaona mkuu wa nne akija, nami nikimwonyesha funguo zinakokaa.

"I am not afraid of you, madam," nikamjibu. "I am ashamed of myself."

Simwogopi yeye, ila najionea haya mimi. Akacheka mpaka akashika meza. "Saa nne ya nini?" akasema. "Nieleze kazi yako hapa hapa."

Ndugu zangu, nilieleza! Wageni wanaofika na hasira, vyumba vilivyouzwa mara mbili, mzee aliyesahau meno yake ya bandia chumbani nikayafikisha mpakani kabla hajavuka. Kila kihusishi kilikaa mahali pake, maana soko zima lilikuwa limenikaririsha. Wale akina mama hawakuelewa hata nusu, lakini kila niliponyamaza kuvuta pumzi walipiga impundu, vigelegele vyetu vya harusini.

"Mutoto wa kwetu iko na akili!" Espérance akawatangazia, akisahau kwamba namzidi miaka tisa.

Mwenye hoteli akanipa mkono. "Unaanza Jumatatu."

"Hongera, Dorothée," meneja akasema kwa sauti ya chini. (Tumefanya kazi pamoja miaka sita, na bado hajui jina langu.)

Sasa, wenzangu wa hotelini mliomo kwenye kundi hili la mtandaoni: chekeni leo, chekeni na kesho, mshibe kabisa. Kuanzia Jumatatu, ratiba ya zamu za wikendi naipanga mimi.