Nairobi kwa Cherehani ya Mwanakuu

Jumatatu, 4 Septemba 1967

Nimechoka na peremende ya Zein. Miezi saba sasa! Jirani yangu huyu alipanda ndege mara moja tu, kwenda Nairobi kwa daktari wa macho, na kila jioni barazani lazima atueleze: mawingu yalivyokaa, mhudumu alivyompa peremende, yeye alivyoitia mfukoni asiile. Bado anayo. Leo ameitoa tena akatuonyesha.

Nikasema kupandishwa ndege si kitu, hata kabichi hupandishwa. Mimi nitairusha mwenyewe. Nikafafanua: chumbani kwangu juu nitajiundia ndege ya kuigiza, ya mabawa mawili kama zile za mwaka 1930, niirushe kwa saa, ramani na dira, maili kwa maili hadi Nairobi. Wakacheka hata muuza kahawa akamwaga. Zein akasema nikifika kabla ya Jumamosi kwisha, peremende ataitupa baharini na hadithi hatutaisikia tena. Nisipofika, nitakaa mbele yake kila jioni mwaka mzima nimsikilize. Nimekubali mbele ya mashahidi.

Jumatano, 6 Septemba

Nimechukua likizo kazini Kilindini. Nimemwambia mkubwa wangu ni safari. Si uongo.

Joab, fundi wa winchi pale bandarini, mkazi wa mtaa wa Buxton, alitengeneza ndege wakati wa vita. Amenipa kitabu cha urubani na masharti yake. Ndege kuukuu huruka asubuhi tu, kabla ya joto. Siku ya kwanza Voi, ya pili Makindu, ya tatu Nairobi. Jumamosi atakuja kukagua na kutia sahihi.

Ndege tayari! Kiti: cha kinyozi, kibovu, lakini kinazunguka. Usukani: mchi. Dira: kwa muuza vitu vya kale karibu na Ngome ya Yesu. Pedali: cherehani ya miguu ya Mwanakuu. Dira imekaa vizuri sana juu yake.

Mwanakuu, mke wangu, akanikumbusha kuwa harusi ya Swabaha, binti Zein, ni Alhamisi ijayo na kanzu tatu za bi harusi hazijashonwa. Nikamwambia siku tatu tu. Akauliza mbona nimeelekea dirishani. Nikamjibu dira ndiyo inayojua njia, yeye ajue sindano. Nimetundika blanketi dirishani. Rubani hodari hatazami nje.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimeruka saa moja asubuhi. Mwendo, maili themanini kwa saa. Nimetua Voi saa mbili na dakika nane. Kutua kuzuri mno, hata chai haikumwagika.

Nikaita chakula. Mwanakuu akajibu kutoka chini kwamba bwana wake yuko Voi, chakula kiko Mombasa. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mchana nikashuka mwenyewe. Jiko baridi! Mwanakuu kavaa buibui, furushi la vitambaa kwapani. Akasema kwao desturi ni hiyo, mume akisafiri mke hurudi kwa mamake, hakai nyumba tupu. Akaenda zake Kuze. Mlango aliufunga taratibu. Hilo ndilo limenitia wasiwasi.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimeruka na njaa. Makindu saa mbili na nusu. Upepo wa mbele, nimeukadiria.

Msikitini, baada ya swala, Zein akaniuliza mbele za watu vipi mtu wa Makindu aswali Ijumaa Mombasa. Nikatafuta viatu vyangu. Nimekula mkate mkavu na ndizi moja.

Nyumba imenyamaza. Miaka kumi na moja nailalamikia sauti ya cherehani ile, na leo masikio yanaitafuta. Namkosa Mwanakuu, niseme ukweli. Ningeweza kumpelekea cherehani yake Kuze leo leo. Lakini Nairobi imebaki asubuhi moja!

Jumamosi, 9 Septemba

Nimetua Nairobi saa mbili na nusu. Nikawaita wote juu: Zein, watu wa barazani, Joab na rula yake.

Joab akaizunguka ndege. Akausifu mchi. Kisha akaitazama dira, akainama, akaniuliza kwa adabu: Bwana Aidarus, ukiswali humu chumbani unaelekea wapi? Nikamwonyesha ukuta wa kushoto. Kibla, kaskazini kabisa, tangu enzi za babu. Akauliza dira inasema kaskazini ni wapi. Nikatazama. Nikamwonyesha kona ya mlango, kulia.

Joab akainyanyua dira kutoka juu ya cherehani. Sindano ikageuka yenyewe, ikaelekea kibla. Chuma, akasema, chuma cha cherehani kiliivuta. Halafu akaondoa blanketi.

Mbele ya pua ya ndege: bahari! Joab akapiga hesabu. Maili mia tatu, siku tatu, moja kwa moja majini. Huko hakuna Voi.

Zein akasema inna lillahi, tena kwa sauti ya matanga. Wakateremka wakicheka mpaka ngazi ikatikisika. Jioni nimekaa mbele yake kama nilivyoahidi. Ameanza hadithi tangu kwenye teksi.

Jumatatu, 11 Septemba

Hamali ameichukua cherehani hadi Kuze kwa mkokoteni, nami nyuma yake. Msafiri haendi mikono mitupu. Nikapitia soko la Marikiti, nikanunua kabichi mbili na viazi vya bara.

Mama mkwe, Bi Mejumaa, akanipokea mlangoni. Akazitazama kabichi. Akauliza tangu lini zikaota baharini. Basi habari zimeshafika.

Ndani, Mwanakuu alikuwa akishona kwa mkono. Siku nne hizo! Vidole viwili amevifunga kitambaa. Mimi nilikuja na maneno mengi tayari, yakaniishia yote. Niliona haya, haya ya kweli. Nikamwomba radhi mbele ya mamake, nikaapa cherehani yake sitaigusa tena maisha yangu.

Akaikagua cherehani kuanzia pedali hadi sindano. Akatia uzi, akaanza. Nikakaa nikimsikiliza mpaka alasiri. Baadaye, bila kunitazama, akanisogezea sahani ya mahamri.

Alhamisi, 14 Septemba

Harusi ya Swabaha. Kanzu zote tatu zilimalizika jana, na mji mzima unazisifu. Mwanakuu amerudi nyumbani tangu juzi. Cherehani iko mahali pake. Kiapo kiko pale pale, sijaigusa hata kwa ukucha.

Leo yuko harusini na wenziwe, na huko huko atalala. Nami nilihudhuria karamu. Nikakaa karibu na Zein mpaka peremende ilipotoka mfukoni, mbele ya wakwe zake wapya. Nikaaga.

Nimefikiri sana njiani. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la chuma. Ndege inataka mbao tupu. Na humu nyumbani kuna kitu kimoja kikubwa cha mbao, hakina hata msumari: kitanda cha samadari, alichopewa Mwanakuu na mamake siku ya harusi yetu. Kiapo kilikuwa cha cherehani. Kitanda hakikutajwa.

Nimeng'oa miguu miwili, ndiyo pedali mpya. Godoro nimelilaza chini na kulitandika shuka safi, asije akasema simjali. Blanketi sikulirudisha dirishani. Pua ya ndege iko kushoto kwa kibla kidogo, ndiko Nairobi, Joab mwenyewe hatapata la kusema.

Mwanakuu atarudi kesho saa tatu asubuhi. Kufika hapo nitakuwa nimeshatua Voi.