Nyekundu Kabla ya Alhamisi

Jumatatu, 2 Juni

Mkuu wa maabara anastaafu! Katugawia mimi na shemeji, dada wa mke wangu, chupa moja moja ya platini iliyoyeyushwa. Rangi ya machungwa. Kila chembe ya platini humo imepoteza elektroni nne. Turudishe mbili tu, maji yawe mekundu. Atakayefaulu kufikia Alhamisi ndiye atakayeshika maabara. Dawa ya kuzirudisha elektroni iingie tone kwa tone, kasema, na kila tone lisubiriwe.

Miaka kumi na moja naosha vyombo vya watu humu. Naitaka kazi hii mpaka kifua kinauma.

Shemeji kavuta kigoda, kaanza kudondosha. Maskini! Atazeekea pale.

Jumanne, 3 Juni

Nimemimina dawa yote kwa mkupuo. Nyekundu! Nikageuka kumwita shemeji. Kurudisha macho: maji maangavu, vumbi jeusi chini. Platini imerudishiwa elektroni zote nne, imekuwa metali tupu. Shemeji kachungulia, kasema pole, karudi kwenye matone yake. Bora angecheka.

Jumatano, 4 Juni

Si haba! Nimelichemsha vumbi kwenye mchanganyiko wa tindikali kali, likayeyuka, rangi ya machungwa ikarudi. Nimeitazama muda mrefu. Platini inanyang'anywa, inarudishiwa, inanyang'anywa tena, wala hainuni. Mimi mke wangu akinikumbusha kosa la mwaka juzi nasusa chakula.

Kisha nikakoroga kwa kijiko cha chuma. Nani alinituma! Chuma kikaipa platini elektroni zake bure. Platini ikagandia humo, kijiko cheusi tii mpaka kwenye mpini.

Alhamisi, 5 Juni

Chupa ya shemeji ni nyekundu, safi kabisa. Maabara ni yake. Nimelia stoo, sifichi.

Kanifuata humo humo. Kasema platini yangu yote bado ipo, hata ile ya kwenye kijiko; niiyeyushe, nianze upya kesho, nikae karibu yake. Kaniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu subira. Kafurahi mno, nami nikajiamini.

Ijumaa, 6 Juni

Tone la kwanza. Nikasubiri. Tone la pili. Nikasubiri. Mawazo mazuri yakanijia: labda hata mtu hurudi sawa hivi hivi, kidogo kidogo. Roho ikatulia kweli.

Saa nne shemeji kaitwa kikaoni. Nikaitazama dawa iliyobaki. Kosa la Jumanne nimeshaling'amua: dawa ilikuwa baridi!

Nimeipasha moto. Namimina yote.