Tetere Aliyeachiwa Huru Mara Nane

Mek alipomwona mzee mmoja nje ya lango la hekalu la Wat Pho, begi begani, akigeuza ramani juu chini, alimshukuru Buddha kwa moyo mkunjufu. Anayepotea Bangkok ni riziki ya mwingine, na Mek alikuwa na tamaa moja iliyomkosesha usingizi: aache kuendesha bajaji ya tajiri, anunue ya kwake.

"Shikamoo, baba. Unatafuta wapi?"

"Marahaba. Mimi naitwa Khlai, nimetoka Chana, kusini kabisa. Nataka nizuru mahekalu tisa leo leo, kabla ya treni ya saa kumi."

"Basi umefika, baba! Tisa kwa siku ndiyo kazi yangu. Ila kuzuru mahekalu bila kuachia ndege huru upate thawabu ni kula wali bila pilipili." Mek akafunua kitambaa kilichofunika tundu ndani ya bajaji. Tunduni mlikuwa na tetere sita. "Baht mia mbili kila hekalu, unawaachia wote. Na ndege siuzi, ni dhambi! Unawanunulia uhuru. Ukishalipa ni wako, amri ni yako."

Mzee Khlai akatoa noti bila kubisha, na Mek akamwonea huruma kidogo, huruma ya paka kwa dagaa.

Wale tetere walikuwa wasomi. Uhuru waliujua vizuri na hawakuutaka. Walichotaka ni mtama. Mteja akishawarusha na kuingia hekaluni, Mek hutikisa kopo mara mbili tu, na wote sita hurudi mmoja mmoja chini ya turubai ya bajaji. Akitoka, humkuta Mek anafunga tundu la "ndege wapya", jasho likimtoka kwa ucha Mungu.

Ndivyo ilivyokuwa Wat Pho. Kwenye hekalu la pili, Wat Suthat, mzee alikawia kidogo kuwarusha. Alisimama mbele ya tundu kafumba macho, kiganja nyuma ya sikio.

"Unasali, baba?"

"Niache kidogo, mwanangu."

Mek akamwacha. Mtu anayesali halipi kwa uchungu. Kwenye la tatu, Mlima wa Dhahabu, mzee alipanda ngazi zote zaidi ya mia tatu, na alipoteremka ndege walikuwa wamerudi zamani na wanasinzia. Hekalu la nne, la tano, mpaka la nane: mia mbili, macho yamefumbwa, mbawa hizo angani.

La tisa lilikuwa Wat Arun, ng'ambo ya mto. Hapo Mzee Khlai akalipa mia mbili zake, akamnyooshea kidole tetere mmoja mchovu, aliyekatika kidole cha mguu.

"Leo namtaka huyu peke yake. Nitakwenda kumwachia kwetu. Hapa mjini moshi mwingi."

Mek akapiga hesabu haraka. Watano wangebaki, na huyo kilema alikuwa rahisi kutambulika na wateja wenye macho makali. Akampa na kitundu cha zawadi, kisha akampeleka stesheni na kumbebea begi hadi jukwaani, akitarajia bakshishi.

Jukwaani tetere akaimba. Abiria mmoja wa kusini akasimama ghafla.

"Mzee, laki tatu. Taslimu, sasa hivi."

Begi likamponyoka Mek. "Laki tatu za nini?"

"Za huyo ndege! Sauti hii haijasikika kwenye mashindano ya tetere waimbaji ya Chana miaka kumi."

Mek akaiona bajaji yake, mpya, inang'aa, inapanda treni na kuondoka.

"Ndege ni wangu!" akapiga kelele.

"Si ulisema nikishalipa ni wangu?" mzee akauliza kwa upole.

"Huyu hakai kwa mtu! Nikitikisa kopo anarudi! Leo umemwachia mara nane na mara nane amerudi kwangu, tazama kidole chake!"

Mkaguzi wa tiketi akasogea, na polisi nyuma yake.

"Ahaa," Mzee Khlai akasema. "Kumbe uliniuzia ndege wale wale. Basi mara ya tisa tumefanya biashara halali, tetere nimemchukua. Zile nane, mwanangu, nirudishie."

"Mrudishie!" abiria wakaitikia.

Mek akamtazama polisi. Akatoa noti moja moja, elfu moja mia sita.

"Ulijua tangu lini?"

"Hekalu la pili. Ulidhani nasali? Nilikuwa namsikiliza. Nimelipa kote huko nihakikishe sauti yake haichoki." Akamgeukia yule abiria. "Na laki tatu hazinunui hata mkia wake."

Mzee akapanda na tetere wake, treni ikang'oka. Tetere akaanza tena dirishani, na behewa zima likatulia kumsikiliza. Mek alibaki jukwaani mikono mitupu, akisikia kwa mara ya kwanza jinsi sauti ile ilivyokuwa tamu. Kwa miaka miwili, kila alfajiri sauti hiyo ilipoanza, aliirushia kandambili.