Mgeni Rasmi Azindua Sahani

Kwa heshima na taadhima, Ofisi ya Itifaki inautangazia umma kwamba Kongamano la Kisayansi la Wanafunzi wa Tiba limefanyika kwa mafanikio makubwa. Mafanikio hayo tulikuwa tumeyaandika wiki iliyotangulia na kuyagonga muhuri, ili kongamano lenyewe lisije likayaharibu.

Mimi ni Afisa Itifaki wa hospitali hii na chuo chake. Kazi yangu ni kuhakikisha kila mtu anakaa kwenye kiti kinacholingana na cheo chake, na hakuna neno linalotangulia salamu zake. Mtaani wananiita Tafadhali Simameni. Siwalaumu. Mtu huitwa kwa kazi yake.

Kongamano ni la wanafunzi. Wanaliandaa wenyewe, wanaliendesha wenyewe, na wanaamua wenyewe nani apande jukwaani na nani abandike bango lake kwenye korido ya kwenda msalani. Mwenyekiti wao ni kijana wa mwaka wa nne ambaye tangu achaguliwe hajawahi kusema "ndiyo" wala "hapana". Husema, "Hoja imepokelewa." Ukimuuliza kama ameshakula, hoja imepokelewa. Nilimpenda mara moja. Kijana wa namna hii atafika mbali, na akifika hatakumbuka alikuwa anakwenda wapi.

Usumbufu uliletwa na mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Nautaja undugu huo kwa sababu kanuni zinataka utajwe.

Ili msomaji aelewe usumbufu huo, inabidi kwanza aielewe Ziara ya Faraja.

Kila Jumatatu Mkurugenzi wetu huvaa koti lake la heshima. Ni koti jeupe linalofika magotini, lenye utepe wa dhahabu kwenye kingo na mikono inayofunika nusu ya vidole. Koti hilo halifuliwi ovyo. Lilifuliwa alipoteuliwa, na litafuliwa akiteuliwa tena. Akishalivaa, huingia wodi ya upasuaji na kupita kitanda kwa kitanda. Wakubwa wengine hupunga mkono kutoka mlangoni. Wetu huinama, akainua ukingo wa bendeji, akatazama kidonda, akakipapasa kidogo na kutangaza, "Hiki kinapona." Kisha huhamia kitanda kinachofuata kwa upendo uleule na vidole vilevile.

Dada yangu naye alifarijiwa. Alikuwa ametolewa kidole tumbo, upasuaji mwepesi. Jumapili nilimkuta amekaa kitandani, karibu na dirisha, ananiagiza kitana na kunicheka kwamba tai yangu imenikaba kama nimeiba kuku. Jumatatu kidonda chake kilitangazwa kuwa kinapona. Alhamisi kilikuwa kinatoa usaha. Tulimzika kabla ya Ziara iliyofuata. Ofisi ya Itifaki ilileta shada la maua, nami nikalipokea kwa niaba ya familia baada ya kulikabidhi kwa niaba ya ofisi. Kitana bado ninacho.

Mpwa wangu hakulia sana mbele za watu. Alichukua vijiti vya pamba akaanza kufanya utafiti. Alipangusa vitasa vya milango, vyuma vya vitanda, na mikono ya makoti ya madaktari. Alichukua usaha wa vidonda vilivyoharibika. Vyote akavipaka kwenye sahani ndogo za maabara zenye lishe iliyoganda kama uji wa jana, akaziweka kwenye kabati la joto na kusubiri kitakachoota. Kilichoota kwenye mikono ya makoti, hasa koti moja lenye utepe, kilikuwa kijidudu kilekile chenye rangi ya dhahabu kilichoota kutoka kwenye vidonda. Wenzake wakamwita Bi Vijidudu. Akaandika utafiti wake na kuupa jina: "Mchango wa Mikono Mirefu ya Makoti katika Kuoza kwa Vidonda vya Upasuaji."

Mgeni rasmi wa kongamano alikuwa Mkurugenzi.

Mwenyekiti aliona hatari hiyo mapema, kwa kuwa ana jicho. Siku hiyohiyo iliundwa Kamati Ndogo ya Kumlinda Mgeni Rasmi dhidi ya Matokeo, nami nikaalikwa kama mlezi. Ilijadiliwa kwa kina kwamba matokeo yana tabia ya kuegemea upande mmoja. Mjumbe mmoja alipendekeza mpwa wangu afanye utafiti mwingine, juu ya kitu kisichovaliwa. Mwingine alipendekeza neno "kuoza" libadilishwe liwe "kupona kwa mtazamo tofauti". Mwishoni iliamuliwa kwamba asome utangulizi, mbinu na shukrani, na mahali pa matokeo wajumbe wakae kimya kwa heshima.

Niliombwa niandike kifungu cha kulinda uamuzi huo. Nikaandika: "Hakuna tokeo litakalosomwa ukumbini kabla halijazinduliwa na mgeni rasmi, na chochote atakachozindua mgeni rasmi kitakuwa msimamo rasmi wa hospitali." Kilipita bila kupingwa, kwa kuwa kilimtaja mgeni rasmi mara mbili.

Jioni mpwa wangu alikuja nyumbani. Hakuketi.

"Mjomba, wameniambia nisome shukrani."

Nikamwambia shukrani zake zimeandikwa vizuri.

"Wodini kuna mama amelazwa kitanda cha dirishani," akasema. "Amepasuliwa juzi. Jumatatu inakuja."

Nilimweleza kwamba itifaki haitambui sababu, inatambua utaratibu. Aliniangalia vile mama yake alivyokuwa akiniangalia tukiwa wadogo, nikijifanya sijui nani kamaliza sukari.

"Basi nifundishe utaratibu."

Nikamfundisha. Nilimwambia kwamba katika utumishi wangu sijawahi kumwona mgeni rasmi akikataa kuzindua. Huyu wetu amezindua benchi, amezindua bomba, na bomba lilipoharibika akazindua kuharibika kwake kama awamu ya pili. Yeye haulizi kilichomo. Anauliza kitambaa kiko wapi.

"Hata sahani?"

"Ikifunikwa vizuri."

Siku ya kwanza ya kongamano ukumbi ulijaa. Salamu zilikwenda asubuhi yote, kwa mafanikio. Mpwa wangu aliposimama alisoma utangulizi, akasoma mbinu, kisha akaomba mtu wa kujitolea ili aonyeshe mbinu yenyewe kwa vitendo: abonyeze mkono wa koti lake juu ya sahani. Mwenyekiti alifungua mdomo apokee hoja. Lakini wapiga picha walikuwa wameshainua kamera, na Mkurugenzi huwa hazivunji moyo kamera.

"Mimi ni mtu wa vitendo," akasema akipanda jukwaani ndani ya koti lake la heshima. "Ilete hiyo sahani, binti."

Akabonyeza. Mpwa wangu naye alinawa mkono hadi kwenye kiwiko, akausubiri ukauke, akaubonyeza kwenye sahani ya pili. Mkurugenzi aliuambia ukumbi kwamba koti lake lina utumishi mrefu na halina historia ya kuugua. Watu wakacheka panapostahili. Sahani zikatiwa kwenye kabati la joto na ufunguo akapewa Mwenyekiti, ili pasiwepo mtu wa kusema zimechezewa.

Hapo nikamsogelea Mkurugenzi na kumnong'oneza kwamba kesho, wakati wa kufunga, kutakuwa na uzinduzi. Hakuuliza wa nini.

"Kitambaa rangi gani?"

"Zambarau, Mheshimiwa. Chenye vishada."

"Safi."

Siku ya pili, saa ya kufunga, meza iliwekwa katikati ya jukwaa. Mwenyekiti mwenyewe alizitoa sahani kabatini, akaziweka bila kuzitazama, kwa kuwa ratiba haikumwagiza atazame. Nikafunika. Nikasema maneno yangu, "Tafadhali simameni," na ukumbi ukasimama. Mkurugenzi akashika kishada kwa vidole viwili, akatabasamu kushoto, akatabasamu kulia, akavuta.

Sahani ya mpwa wangu ilikuwa na madoadoa machache. Ya Mkurugenzi ilikuwa imestawi. Ilikuwa na madoa ya dhahabu, mazito, yamebanana kama watu kwenye foleni ya dawa, na katikati yake palikuwa na alama iliyo wazi kabisa ya ule utepe. Harufu ilifika safu ya kwanza, ilikokaa menejimenti.

Kwenye ratiba palikuwa pameandikwa "Makofi". Ukumbi ukapiga makofi.

Baada ya makofi paliandikwa "Pongezi kutoka kwa Mwenyekiti". Mwenyekiti alikuwa ameziandika wiki iliyopita na hakuwa na nyingine. Akasoma, jasho likimtiririka: "Mheshimiwa, tunakupongeza kwa matunda haya, ambayo ni jasho lako mwenyewe."

"Hiki ni kitu gani?" akauliza Mkurugenzi.

"Ni cha kwako, Mheshimiwa," mpwa wangu akajibu kwa upole. "Sahani moja haithibitishi kitu. Ndiyo maana tulipima nyingi. Na kwa kuwa umeshazindua, naomba sasa nisome matokeo."

Mkurugenzi aligeuka kunitazama. Nami, kama kazi yangu inavyonitaka, nikasoma kifungu chote kwa sauti, pamoja na mkato na nukta. Watu wote wakamtazama Mwenyekiti, na kijana yule akatazama sahani, kisha akamtazama Mkurugenzi.

"Hoja," akasema, "ndiyo."

Mpwa wangu akasoma matokeo yake yote, polepole, bila kumtaja mtu. Alisoma jinsi vidonda vilivyoharibika zaidi baada ya Jumatatu kuliko siku nyingine yoyote. Mama yake hakumtaja. Kwenye shukrani aliwashukuru wagonjwa wote waliovumilia kufarijiwa.

Mkurugenzi angependa kukanusha. Lakini taarifa yetu kwa vyombo vya habari ilikuwa imeshatoka tangu wiki iliyotangulia, yenye kichwa, "Mkurugenzi Aongoza Sayansi kwa Mfano Wake Mwenyewe." Maji yakimwagika hayazoleki, hasa yakigongwa muhuri. Msimamo rasmi wa hospitali ukawa kwamba mikono ya koti la Mkurugenzi huozesha vidonda. Yeye mwenyewe akausaini.

Jumatatu tulikwenda kwenye Ziara. Koti lilibaki nje ya wodi, limetundikwa msumarini, na wauguzi wawili kwa mazoea wakalisalimia. Mkurugenzi aliingia na shati la mikono mifupi. Bila koti, hakuna mgonjwa aliyemjua. Alipofika kitanda cha dirishani akanyoosha mkono kuelekea kwenye bendeji, na yule mama aliyelazwa pale akauzuia kwa kiganja.

"Wewe baba, umenawa?"

"Nimenawa, mama."

"Wapi? Mimi macho yangu yako mlangoni tangu asubuhi. Rudi ukanawe."

Mkurugenzi alinigeukia aone itifaki inasemaje. Nilifikiri kwa muda unaotakiwa.

"Tafadhali, Mheshimiwa," nikasema.

Akarudi hadi kwenye sinki la mlangoni, akafungua bomba alilolizindua mara mbili, ambalo mafundi walikuja kulitengeneza bila uzinduzi. Wodi nzima ilikuwa imelala ikimtazama. Aliyesimama alikuwa yeye.

"Na katikati ya vidole," yule mama akamwambia.

Kitana cha dada yangu kilikuwa mfukoni mwangu. Nililegeza tai.