Muujiza Hatoki Majini

Bibi Piroska aliingia bwawani na gazeti mkononi. Aliteremka ngazi na kofia yake ya plastiki yenye maua, mkono mmoja kashika chuma, wa pili kauinua juu gazeti lisilowe.

"Ukurasa wa tatu mmesoma?"

"Nakubusu mkono, bibi," akasema Stesheni, "lakini ukilichovya hilo tutasoma wa tatu na wa nne kwa pamoja."

Wengine kijiwe chao ni benchi, wengine ni kibaraza cha duka. Sisi wa mji wa Tormásfürdő tuna bwawa la nje la Bafu Kuu. Maji digrii thelathini na sita, yananuka yai viza, nasi tumo humo mpaka shingoni. Ukutani pana ubao: mgonjwa asizidi dakika ishirini. Sisi tunaingia saa moja asubuhi na kutoka saa nne, kwa sababu ubao ule uliandikiwa wageni. Mimi ndiye Kinyozi, mstaafu. Vichwa vyote vya hapa nimevinyoa miaka arobaini, kwa hiyo msiniambie habari ya kilichomo ndani yake.

Stesheni alikuwa mkuu wa stesheni yetu mpaka treni walipoifuta. Uti wa mgongo umemchakaa, na kila Jumanne wauguzi humning'iniza kwa shingo ndani ya maji, mzigo wa madini ya risasi kiunoni, ili mgongo unyooke. Akitoka huko husema anatoka kunyongwa. Bibi Piroska tunamwita Redio, na sababu mtaiona wenyewe. Yupo Daktari Ng'ombe, aliyetibu mifugo ya wilaya nzima na bado anawatazama watu kwa jicho lile lile, kama anataka kuona meno.

Halafu yupo Muujiza.

Jina lake Vendel Kocsor, dereva wa trekta wa zamani. Miaka kumi na moja iliyopita aliletwa hapa akitembea kwa magongo mawili. Akaoga maji, akapakwa matope, na wiki ya sita akatoka kwa miguu yake. Gongo moja akalivunja kwa furaha, la pili likatundikwa ukutani kwenye ukumbi wa kuingilia, namba kumi na saba, na kibao cha shaba: VENDEL KOCSOR, AMEPONA. Ukutani pale pana magongo thelathini na moja. Wenyewe thelathini wako makaburini, walikufa wamepona. Aliyebaki hai ni yeye peke yake, ndiyo maana Bafu Kuu linamtunza kuliko bomba la maji moto.

"Haya, soma," nikamwambia Redio. "Usitubane."

"Sikilizeni. 'Bafu Kuu laanzisha Kifurushi cha Afya na Matembezi. Siku kumi na nne za maji na matope. Wageni watatembezwa kanisani, kwenye mapango ya mvinyo, na Jumatatu watapanda ngome yetu ya kale, ngazi mia mbili na kumi na nne, wakiongozwa na bwana Vendel Kocsor mwenyewe, aliyeponywa na maji haya.' Basi la kwanza la Wajerumani linaingia leo."

"Hongera, Muujiza," akasema Stesheni. "Umepandishwa cheo. Jana ulikuwa tangazo, leo umekuwa punda wa kuongoza msafara."

Muujiza hakucheka. Alikuwa kwenye kona yake ya siku zote, chini ya bomba linalomwaga maji, mgongo umeegemea ukuta.

"Wamekuuliza kwanza?" nikamuuliza.

"Wameniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nimesema sawa."

"Sasa mbona uso umekuwa kama wa mtu aliyekula lángos, mkate wetu wa kukaanga, wa juzi?" Redio akadakia.

Daktari Ng'ombe alikuwa anamtazama Muujiza tu, kichwa kimeinama upande.

"Vendel," akasema, "njoo huku kwenye jua."

"Hapa pananitosha, daktari."

"Jana nilikuita, ukasema hivyo hivyo. Na juzi."

"Basi uache kuniita."

"Jamani, ngoja niwaulize," Daktari Ng'ombe akatugeukia sisi. "Mara ya mwisho mmemwona Vendel akiwa mkavu ni lini?"

Nikaanza kuhesabu siku nyuma kwa vidole. Kweli bwana. Tukija asubuhi tunamkuta ndani. Tukiondoka saa nne tunamwacha ndani. Mimi nilidhani ni mapenzi ya maji. Nilikuwa hata nawasimulia watu, tazameni mtu mwenye shukrani. Redio naye, anayejua nani kapika nini kijiji cha tatu kutoka hapa, aliinamia gazeti lake kama anatafuta jibu humo.

"Majini hakuna anayechechemea," akasema Daktari Ng'ombe. "Ng'ombe mwenye nyonga mbovu ukimtia mtoni anatembea kama bibi harusi. Ni ipi, ya kushoto?"

Muujiza akaishika nyonga chini ya maji.

"Ya kushoto," akasema. "Mwaka wa pili huu. Usiku silali. Hapa nakuja saa kumi na mbili kamili, mlinzi ananifungulia mlango wa nyuma."

"Hospitali umekwenda?"

"Nimekwenda, mjini. Wanataka kuikata na kunitia ya chuma. Nimesubiri zamu miezi ishirini na mbili. Barua imekuja wiki iliyopita."

"Zamu yako lini?"

"Jumatatu."

Stesheni akapiga mluzi taratibu.

"Jumatatu ya ngazi," nikasema.

"Nisipotokea, narudi mwisho wa mstari. Miaka miwili mingine."

"Basi hakuna mjadala hapo," akasema Daktari Ng'ombe. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Unakwenda kukatwa."

"Wewe subiri kidogo," Stesheni akamkata. "Mjadala upo tena mkubwa. Treni walituondolea, tukanyamaza. Posta wakaifunga, tukanyamaza. Mji huu kwa sasa unakula kupitia nyonga ya huyu bwana. Tukiondolewa hata muujiza tutabaki na nini? Harufu?"

"Kwa hiyo afe kwa ajili ya hoteli?"

"Nani kasema afe? Nasema apande ngazi kwanza."

"Kwa nyonga hiyo? Ng'ombe wa hivyo nisingempandisha hata kwenye lori."

"Tutafute mwingine aliyepona," Redio akatoa wazo. "Kwani ni yeye tu? Tazama watu wote hawa."

Tukazungusha macho bwawani. Vichwa kama ishirini vilikuwa vinaelea kwenye mvuke. Kila tuliyemtazama alijifanya anaosha shingo.

"Wewe Stesheni unakuja mwaka wa ngapi?" nikamuuliza.

"Wa kumi na tisa."

"Umepona?"

"Nimezoea."

"Haya, mimi nina njia," akasema Redio. "Jumatatu alfajiri tunampandisha kwa toroli la bustani. Wageni wakifika juu, wanamkuta kashasimama, mikono kiunoni, anatazama mandhari. Watajua amewaacha mbali."

"Na kushuka?"

"Ngazi mia mbili na kumi na nne, kushuka hata Mjerumani mzima anachechemea. Nani atamtambua?"

Nawaambia ukweli, lile wazo lilikuwa zuri na lilinitia aibu papo hapo. Watu wazima wa miaka sabini, tumekaa kwenye maji ya tiba tunapanga namna ya kumbeba mgonjwa kwa toroli ili aonekane mzima.

"Muujiza," nikasema, "wewe mwenyewe unataka nini? Tuache sisi na porojo zetu."

Alijifuta uso, ingawa uso ulikuwa na maji tangu alfajiri.

"Miaka ishirini na nane nimeendesha trekta la ushirika," akasema. "Watu walikuwa wanalipungia mkono trekta. Mimi hakuna aliyejua jina langu. Hata wewe, Kinyozi, ulikuwa unaniita 'anayefuata'."

Ni kweli, sikatai.

"Nilipotundika lile gongo, meya akanishika mkono. Watoto wa shule wanaletwa kunitazama. Kwenye dirisha la lángos sipangi foleni. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikufa akiitwa mke wa Muujiza, na alilipenda jina hilo kuliko pete. Sasa nikitiwa chuma, mimi nitakuwa nani? Vendel wa trekta, tena trekta lenyewe halipo."

Mimi iliniuma, nasema wazi. Hata Stesheni alikuwa ameshika maji kwenye viganja anayaangalia.

Ndipo tukasikia kipaza sauti. Basi lilikuwa limewahi. Mama Hajnalka, mkurugenzi wa Bafu Kuu, alitokea mlangoni na viatu vyake virefu, nyuma yake Wajerumani kama ishirini na tano, wote wazee, wote na majoho meupe ya taulo. Walijipanga ukingoni mwa bwawa wakitutazama sisi tulio chini.

"Na huyu pale konani," akasema mama Hajnalka, mkalimani akimfuata neno kwa neno, "ndiye yeye mwenyewe. Gongo lake mmeliona ukutani. Bwana Kocsor, toka kidogo wakuone unavyotembea."

Wakapiga makofi. Muujiza akatugeukia sisi. Daktari Ng'ombe akatikisa kichwa: usitoke. Stesheni, nilimwona kwa macho yangu, naye akatikisa kichwa.

Lakini alikwenda. Majini alitembea vizuri tu, kifua mbele. Akafika kwenye ngazi, zipo nne, zina chuma cha kushikia. Akapanda ya kwanza, maji yakamshuka kifuani. Ya pili, yakawa kiunoni. Ya tatu, maji yakamwacha nyonga, na mguu wa kushoto ukakataa. Akabaki ameng'ang'ania chuma kwa mikono miwili, meno ameyauma, na makofi yakapungua moja moja mpaka yakaisha.

Daktari Ng'ombe alianza kuogelea kumwendea. Muujiza akamwashiria kwa kichwa asije.

"Stesheni," akasema, "nenda ukutani. Namba kumi na saba. Niletee gongo langu."

"Vendel, una hakika?"

"Nenda, ndugu yangu. Nimechoka kulowa."

Stesheni akatoka. Mtu yule aliyetaka ngazi zipandwe, akakimbia miguu mitupu kwenye vigae, tumbo linacheza, maji yanamchuruzika, akarudi na lile gongo la mbao na kibao chake cha shaba kikining'inia. Muujiza akalitia kwapani, akapanda ngazi ya nne. Akasimama mbele ya wageni, AMEPONA inambembea ubavuni.

Mama Hajnalka alikuwa bado anatabasamu, lakini ni meno tu yaliyobaki kazini.

"Bwana Kocsor ana mzaha sana," akasema.

Ajuza mmoja wa Kijerumani, mwembamba, mwenye mkongojo wake mwenyewe, akasogea mbele akauliza kitu. Mkalimani akamtazama mkurugenzi, mkurugenzi akatazama angani.

"Anauliza," akasema mkalimani, "maji yalikusaidia kwa muda gani?"

Angeweza kusema kumi na moja. Kibao kilikuwa kinamtetea. Sisi sote tulijua angeweza, na sidhani kama kuna ambaye angemlaumu.

"Miaka tisa," akasema Muujiza. "Miaka tisa mizuri. Nilicheza kwenye arusi ya binti yangu mpaka asubuhi. Hii miwili ya mwisho nimekuwa nadanganya."

Mkalimani akatafsiri polepole. Mama Hajnalka akakohoa, lakini kikohozi hakitafsiriwi. Yule ajuza akawageukia wenzake, akasema maneno marefu, wakaitikia kwa vichwa.

"Anasemaje?" Redio hakuweza kujizuia.

"Anasema daktari wake kule kwao amemwahidi nafuu ya miezi mitatu tu."

Ajuza akamkabidhi mkalimani mkongojo wake, akavua joho, akashika chuma, akaanza kuteremka. Nyuma yake wakafuata wengine, wote ishirini na tano, mpaka maji yakatupanda kidevuni na Redio akalazimika kulivaa gazeti kichwani.

"Sasa ngome?" mama Hajnalka akamuuliza Muujiza, sauti ya chini. "Jumatatu?"

"Jumatatu sipo, mama. Jumatatu nakwenda kutiwa nyonga mpya."

Akaondoka. Akajikokota na gongo lake, ko, ko, ko, mpaka mlango wa mbele, si ule wa nyuma. Tukamtazama mgongo ukikauka. Sikujua kama ni mrefu kiasi kile.

"Mzee Vendel," nikamwita. Ni mara yangu ya kwanza kumwita kwa jina. "Jumatatu nitakusindikiza mimi."

"Uje mapema, Kinyozi," akajibu bila kugeuka. "Na huko kuna foleni."

Tukadhani yameisha. Mama Hajnalka akachuchumaa ukingoni, viatu virefu na yote, akamsogelea Daktari Ng'ombe sikioni. Mimi nilikuwa jirani, nikasikia.

"Daktari, samahani. Ule mfupa wa zamani wakishautoa, huwa wanautupa, au wanampa mwenyewe? Pale ukutani msumari umebaki mtupu."

Daktari Ng'ombe akafikiri kidogo.

"Wa ng'ombe," akasema, "tulikuwa tunawapa mbwa."