Viazi vya Mbwa Visivyotiwa Kitunguu

Kwako Ndugu Mhariri, hatujaonana, ila ukimaliza kusoma hii tutakuwa tumejuana.

Mimi nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wakuu wa shule sita, wote walikula chakula changu na wote walikufa kwa mambo mengine. Nimelimaliza jiko la kuni, nikalimaliza la mafuta ya taa, sasa la gesi nalo limeanza kukohoa. Yuko daktari aliyeniambia nikiwa na hamsini kwamba moyo wangu hautafika sitini. Jeneza lake nililibeba upande wa mbele. Nimewazika pia mbwa wanne, mmoja baada ya mwingine, wote wa sufuria yangu, mbwa watulivu, wakishashiba wanalala kutwa nzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubakiza kitu kwenye bakuli.

Nasema haya ili ujue unazungumza na nani. Kwa miaka thelathini na minane nilikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, wanafunzi mia nne na ishirini, mara tatu kwa siku. Darasani niliishia la tatu, sikatai, na barua hii leo ni siku ya nne naiandika, maana kalamu ni nyepesi mno kwa mkono uliozoea mwiko. Lakini likija suala la kiazi, mimi nakaa kiti cha mbele. Nimemenya viazi vingi kuliko maneno yote yaliyowahi kuchapwa katika gazeti lako, pamoja na matangazo ya vifo.

Sasa malalamiko yangu, nayapanga kwa namba ili msipotee.

1. Toleo la wiki nne zilizopita, ukurasa wa kumi na nne, mmemweka mtu mnayemwita mtaalamu. Pichani amevaa miwani na amepakata kijibwa kidogo kama nusu mkate. Nimeitazama picha hiyo kwa lenzi ya jirani yangu fundi viatu, ile anayotumia kutafutia tundu la sindano, na naapa mikono ile haijawahi kushika kisu cha kumenyea. Huyo ndiye anayetufundisha kumpa mbwa karoti, viazi, mihogo na jamaa zao. Kichwa cha habari kinasema "Mlishe Mbwa Wako Mizizi kwa Usalama". Kwani sisi tulikuwa tunawalisha kwa bunduki?

2. Mtaalamu anasema karoti ikatwe vipande vidogo, mbwa asije akakabwa. Mbwa wangu juzijuzi alikula kandambili ya fundi viatu, ya mguu wa kushoto, yote, akabakiza kamba tu kwa heshima. Huyo leo akatiwe karoti kama mama mkwe aliyetoka hospitali. Anasema kiazi kitamu kimenywe, kichemshwe mpaka kilainike, kipoe, mbwa apewe kidogo tu. Anasema muhogo mbichi una sumu asipewe kabisa, na kiazi mviringo kibichi au chenye ukijani kikae mbali naye. Haya niliyajua kabla mtaalamu hajaota meno, na sikumwita mpiga picha. Jungu kuu halikosi ukoko, ndugu yangu. Ninyi mmeliacha jungu mkaenda kukwangua kisahani cha chai.

3. Kutokana na ukurasa huo, nyumba yangu imeingiliwa. Binti yangu kazi yake ni kupima watu macho, na tangu aianze anaamini sisi wengine wote hatuoni. Aliukata ukurasa wenu kwa mkasi akaubandika kwenye mlango wa jiko langu, pembe zote nne, usawa wa macho yangu, tena alinisimamisha akapima. Katika miaka yote ya kazi, karatasi pekee iliyowahi kukaa kwenye mlango wa jiko langu ni orodha ya zamu, nami ndiye niliyekuwa naiandika. Siku hizi siwezi kuchemsha maji ya chai bila mtu wa miwani kunitazama.

Hapa inabidi nimweleze mbwa, la sivyo mtadhani nagombania mnyama tu. Anaitwa Mkaguzi, kwa sababu hakuna mfuko unaopita mlangoni kwangu bila kunuswa. Alikuja miaka mitatu iliyopita, mke wangu alipotangulia. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nasikia saa ya ukutani ya jirani. Binti akaja na boksi la viatu, akaliweka mezani, akasema, "Baba, nimekuletea mtu wa kugombana naye." Tukagombana vizuri sana, mimi na Mkaguzi, mpaka ninyi mlipoingilia kati.

4. Hili ndilo kubwa. Mimi, kwa kuwatii ninyi, niliufuata ukurasa wenu. Awali Mkaguzi alikuwa akila mabaki yangu ya mezani, nami nikikaa peke yangu sipiki sana. Lakini binti akasema, "Baba, jaribu basi, kwa ajili yangu." Nikachukua viazi vitamu, nikaosha, nikamenya, nikachemsha mpaka uma ukapita, nikaviacha vipoe, nikaponda. Kisha nikaunga. Vitunguu viwili vikubwa, kitunguu saumu punje tano, mafuta kijiko, chumvi ya kushika kwa vidole vitatu. Mkaguzi alikula akalisukuma bakuli mpaka ukutani. Mkono mtupu haulambwi, lakini wangu ulilambwa mpaka kwenye kiwiko. Nikampikia hivyo siku tisa mfululizo, kwa furaha, maana tangu nistaafu hakuna aliyekuwa ananisubiri jikoni.

Siku ya kumi hakuinuka. Fizi zilikuwa nyeupe kama chaki na mkojo una rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Mfuko wa mkaa ukapita mbele ya pua yake, hakuutazama.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, Ndugu Mhariri. Kabla ya ukurasa wenu mbwa alikuwa mzima. Baada ya ukurasa wenu mbwa kaanguka. Basi ni ukurasa wenu.

Najua mtaniambia mstari wa mwisho unasema msitie chumvi, wala mafuta, wala kitunguu cha aina yoyote, kibichi au cha kupikwa. Nimeuona. Niliusoma mara mbili kwa sauti, Mkaguzi akinisikiliza. Lakini mtu yeyote mwenye akili angeelewa kwamba mstari ule umeandikiwa watu wasiojua kukaanga kitunguu. Mtu wa namna hiyo mwambie asitie, ataunguza. Barabarani nako wameandika "Punguza Mwendo", na gari la wagonjwa linapita. Mimi kwenye kitunguu ndiye gari la wagonjwa.

5. Binti alimfunga Mkaguzi katika koti langu, lile nililopewa siku ya kustaafu, akambeba hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari mwenyewe ni mwanamke mmoja mpole, anaongea chini chini kama mtu aliye maktaba. Akauliza mbwa amekula nini. Binti akamwambia, "Muulize mpishi mkuu." Nikaeleza kwa utaratibu, kuanzia kuosha. Nilipofika kwenye kuunga, daktari aliweka kalamu chini. Akasema kitunguu humharibia mbwa damu yake, polepole, hata kikiwa kidogo, hata kikiwa kimepikwa na bingwa. Neno bingwa nimeliongeza mimi, ila alikuwa analielekea.

Mkaguzi alilazwa siku tatu akitundikiwa dripu. Alipotoka, binti hakumleta kwangu. Alimpeleka kwake, ghorofa ya tatu, pamoja na bakuli na kamba. Akaniambia, "Baba, nakupenda, lakini Mkaguzi harudi mpaka ukubali ni kitunguu." Yaani nikae mbele ya mtoto niliyemfunga nepi, niseme kitunguu ni kibaya. Kitunguu ndicho kilichojenga nyumba hii. Kitunguu ndicho kilichomsomesha mpaka akajua kupima macho. Katika maisha yangu sijawahi kuepua sufuria isiyo na kitunguu. Mkono wangu hukifuata wenyewe kabla mimi sijaamua. Nilipomweleza hivyo, akasema hilo ndilo tatizo lenyewe.

6. (Hili nilitaka kulificha, lakini fundi viatu amesema liandikwe.) Wiki moja sasa mifuko inaingia kwangu bila kukaguliwa. Juzi fundi viatu alikuja na mfuko wa misumari, akasimama mlangoni akaushusha usawa wa goti, kwa mazoea, akasubiri unuswe. Nami nikasubiri. Tulikaa hivyo muda kidogo, watu wazima wawili, kisha akaingia.

7. Kwa hiyo nadai yafuatayo, na sitapunguza hata moja. Mchapishe ukurasa wa kwanza kwamba mzee alikuwa sahihi, kwa herufi ambazo mtu wa ghorofa ya tatu anaweza kuzisoma zikiwa chini barabarani. Mumlete mtaalamu, tuwekewe majiko mawili, apike na mimi nipike, na waamuzi wawe mbwa watano wasiojua kusoma, maana wanaosoma mmeshawaharibu. Ukurasa wa kumi na nne nipewe mimi kila wiki. Picha yangu ninayo, nimesimama kando ya sufuria ambayo mtu anaweza kuogea. Mwisho, gazeti limwandikie binti yangu barua rasmi yenye mhuri kumwamuru arudishe mbwa. Mkikataa, naacha kulisoma gazeti lenu, na nikiacha mimi ameacha fundi viatu, ambaye hulisoma baada yangu, na ameacha mteja wake anayelisoma akisubiri kiatu. Wasomaji watatu mtawapoteza kwa sababu ya kitunguu kimoja.

Nisalimieni wapanga herufi, mlinzi wa getini kwenu, na huyo anayewachemshia chai, maana najua hakuna anayemsalimu. Mpeni pole kijibwa cha kwenye picha. Mtaalamu msimsalimie.

Ni mimi nisiyeyumba,
Mpishi Mkuu (mstaafu)

Nyongeza. Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Leo asubuhi binti amekuja na daktari wa mifugo, na Mkaguzi kwenye kamba. Mkaguzi alinusa mkoba wa binti, akanusa mkoba wa daktari, kisha akanusa mfuko wa koti langu kwa muda mrefu sana. Sikukubali lolote kwa mdomo. Nilisema tu, "Haya, simameni mwone." Nikaosha, nikamenya, nikachemsha, nikapoza, nikaponda. Mkono ukaenda kwenye kapu la vitunguu wenyewe, kama nilivyowaambia. Binti aliushika tu, akakaa ameushika mpaka bakuli likafika sakafuni. Mkaguzi alikula kiazi kitupu chote, akalisukuma bakuli mpaka ukutani, vilevile. Nilionja kabla yake. Hakina ladha, na hapo sirudi nyuma.

Wakati anakula nikawa namsimulia daktari habari za wale wanne wa zamani, walivyokuwa watulivu, walivyokuwa wakilala kutwa. Nilikuwa najisifu. Akaniuliza walikuwa wanakula nini. Nikamwambia, chakula changu. Akauliza kila mmoja aliishi miaka mingapi. Nikahesabu: mitatu, minne, miwili na nusu, minne. Daktari akaenda kunawa mikono, na mikono yake ilikuwa safi.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri, usiichape barua hii. Kama imeshaingia mtamboni, toa namba ya nne, ya tano na ya saba, na kule juu kabisa niliposema nimewazika mbwa wanne, futa. Ukurasa wenu nimeubandua mlangoni nikaubandika juu ya kapu la vitunguu, mkono uuone kabla ya kufika. Mkiandika juu ya bitiruti, nitumieni nakala mbili.

Anayetaka ushahidi, kuhusu Mkaguzi amuulize binti yangu, au daktari. Kuhusu wale wanne amuulize fundi viatu. Yeye ndiye aliyenisaidia kuchimba, mara zote nne, na kila mara aliniuliza mbona mbwa wangu hawazeeki, nami kila mara nilimwambia achimbe.