Vifungo vya Koti Jeupe

Sabuni alipewa jina hilo kwa kuteleza mikononi mwa watu. Siku hiyo alikuwa anapekua rundo la mitumba, akaibuka na koti jeupe la kola ya kusimama, vifungo vitano vya shaba kifuani.

"La mhudumu wa hoteli hili," alijisemea. "Lakini likipata hadithi, litakuwa la afisa wa jeshi wa enzi zile."

Hadithi anazo tele. Mnunuzi naye yupo: daktari wa meno mstaafu, mkusanya sare za zamani, aliyetangaza mtaa mzima kwamba atakayemletea sare nyeupe ya afisa ataondoka na pikipiki yake nyekundu. Na Sabuni, masikini, alikuwa ametembea mpaka soli zimeanza kumuaga.

Shida ni moja. Kila alipovuta kifungo, kilichomoka.

Akakimbilia kwa shangazi yake, dobi aliyefua nguo za wakubwa tangu hajavunja ungo.

"Shangazi, lifue ling'ae. Na hivi vifungo vibovu vishone kwa uzi, vikaze."

Shangazi akageuza kifungo. Nyuma yake palikuwa na kipete cha waya, cha kukichomeka na kukichomoa. Mabegani, vitanzi vya kushikia vibao vya cheo. Moyo wake ukaruka kamba, lakini uso ulibaki baridi kama pasi, ile pasi aliyouziwa na Sabuni huyu huyu mwaka jana, isiyopata moto hata ukiianika juani.

"Vibovu kweli, mwanangu. Rudi kesho mchana."

Kesho yake Sabuni alikabidhiwa koti jeupe pee. Akavuta vifungo vyote. Hakuna kilichotikisika.

"Shangazi, mikono yako ibarikiwe!"

"Amina. Usilikunje tu."

Sebuleni kwa daktari, Sabuni akafungulia bomba: afisa huyu alikagua gwaride siku ya jua kali, farasi wakazimia, yeye hata jasho hakutoka...

Daktari alikuwa anachungulia upande wa ndani wa koti.

"Vifungo vimeshonwa."

"Jeshini hakuna mchezo, mzee!"

"Sare hii ilifuliwa kila ilipovaliwa, kijana. Vifungo vilichomolewa kwanza. Vya afisa havishonwi." Akalikung'uta koti. Kutoka kwenye bitana kikaanguka kifungua chupa. "Na hii ndiyo silaha yake?"

Sabuni akacheka, huku macho yanatafuta mlango. "Basi ile pikipiki..."

"Imeondoka asubuhi. Kuna mama kaniletea sare ya kweli. Vifungo alivichomoa mbele yangu kama anachuma pilipili."

Sabuni akajikuta barabarani, mkono mmoja koti alilobadilishiwa, la marehemu mume wa shangazi yake, mhudumu wa hoteli miaka thelathini, mkono wa pili kifungua chupa. Honi ikalia mgongoni. Shangazi huyo juu ya pikipiki nyekundu, mafurushi ya nguo huku na huku, anaiendesha kama anavyopiga pasi: kushoto, kulia, kushoto tena.

Akafunga breki, akakodoa macho.

"Kumbe marehemu alikificha humo! Miaka sita nimewanunia majirani nikidhani wamekiiba! Lete hapa."

Akamnyang'anya kifungua chupa, akatia moto, akaondoka.